Bangili ya Kamala haimfundishi mtoto Kiswahili

Nianze na jambo ambalo kwa muda mrefu nililificha hata kwa mke wangu. Mwaka jana skuli ya binti yangu, hapa Maskati, iliwaita wazee kuja kuangalia kazi za watoto. Mimi nilikuwa nachelewa kutoka kazini, nikamwomba mama yangu atangulie. Mama akavaa buibui lake, juu akajitanda kanga kama anavyofanya miaka yote, na alipomuona mjukuu wake tu akamwita kwa ile sauti ya Unguja ya kuitana uwani: "Njoo mjukuu wangu, njoo nikubusu!" Binti, aliyekuwa na miaka kumi na tatu, akamjibu kwa Kiingereza, haraka haraka, kama anayefukuza nzi. Rafiki zake wakamuuliza yule nani. Akasema ni mtu wa nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimeshafika, nimesimama nyuma yao. Anayeishi Ghuba hahitaji kuelezwa wale wasichana walifahamu nini waliposikia "mtu wa nyumbani" huku wanamtazama mama mweusi aliyejitanda kanga.

Mama hajui Kiingereza, lakini si mjinga. Ndani ya gari aliniuliza kama nyumbani kuna ndimu. Basi. Na tangu siku ile hajataka tena kwenda skuli ile, kila mara miguu inamuuma.

Nayasema haya kwa sababu nataka kuzungumzia tamthilia ya televisheni, na naogopa msomaji atasema mtu mzima na akili zake anaandika habari za katuni. Tamthilia yenyewe ni Ms. Marvel.

Wengi mtaikumbuka. Disney+ ilifunguliwa kwetu huku Ghuba tarehe 8 Juni 2022, na siku hiyo hiyo ikatoka sehemu ya kwanza. Sehemu sita tu, zikamalizika tarehe 13 Julai. Kamala Khan, msichana wa miaka 16, Mwislamu, wazazi wake wametoka Pakistan, anaishi Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Amewapenda mashujaa wa Marvel kupita kiasi, khasa Captain Marvel, mpaka mama yake anachoka. Kisha na yeye anapata nguvu za ajabu. Nyumbani kwetu tulikaa sote mbele ya televisheni kama watu wanaongoja mwezi wa Idi. Watoto wangu walikuwa hawajawahi kumuona shujaa ambaye baba yake anasema bismillahi. Pale viatu vya Nakia, rafiki yake Kamala, vilipoibiwa msikitini mke wangu alicheka mpaka akatokwa na machozi, maana hilo ni tatizo la umma mzima.

Lakini Kamala hakuzaliwa kwenye televisheni. Alianza kwenye vitabu vya katuni mwaka 2013, na mwaka 2014 akapata kitabu chake mwenyewe. Mwandishi wake ni G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Mchoraji Adrian Alphona. Na nyuma yao alikuwepo mhariri Sana Amanat, mtoto wa wahamiaji wa Kipakistani aliyekulia New Jersey. Juzuu ya kwanza ilichukua tuzo ya Hugo mwaka 2015. Mimi nilikisoma baada ya kuiona tamthilia, yaani nilianza mwisho, na ndipo nikagundua kwamba wakati wa kukitoa kitabuni na kukipeleka kwenye skrini, kuna kitu kimoja kiliachwa njiani.

Kitabuni Kamala anatoroka usiku kwenda kwenye karamu ufukweni mwa mto. Wenzake wanamtilia pombe kwenye maji ya machungwa kwa kumfanyia mzaha. Anaondoka na hasira zake, ukungu wa ajabu unaushukia mji, anaanguka, na anawaona mashujaa wake wanamsemesha kwa Kiurdu. Captain Marvel anamuuliza anataka kuwa nani. Anajibu: nataka kuwa wewe. Na anapozinduka, amekuwa. Mzungu, nywele za dhahabu, mapaja nje, mabuti marefu. Yule yule.

Sasa hapa ndipo kitabu kinapouma. Mtu wa kwanza anayemuokoa ni Zoe, msichana wa skuli yake aliyezoea kumsema kwa maneno ya kuchoma yaliyofunikwa na tabasamu. Na anamuokoa akiwa na sura ya kizungu, kwa sababu anaona watu hawatamkubali shujaa mwenye sura ya nyumbani kwao. Nguvu zake, ukiziangalia vizuri, ni hizo: mwili wake unaweza kurefuka, kukua, kupungua, na kuvaa sura ya mtu mwengine. Mtoto wa wahamiaji anapewa kile kile anachokiomba kila usiku akilala, kisha anakuta nguo inambana, nywele zinamwingia machoni, na moyo wake hauna raha. Anarudi katika sura yake pole pole, kwa kujaribu na kukosea. Vazi lake la ushujaa analitengeneza mwenyewe kutokana na burkini, lile vazi la kuogelea la kujisitiri ambalo halikuwa na kazi kabatini.

Televisheni ilibadilisha hayo yote. Kwenye tamthilia nguvu zinafunguka kwa bangili ya Aisha, mama yake bibi yake, iliyotumwa kutoka Karachi ndani ya kasha la vitu vya zamani. Kamala anaivaa, na mwanga unatoka mikononi mwake, mwanga mgumu kama kioo, anaweza hata kuukanyaga. Hageuki kuwa mtu mwengine hata dakika moja. Kevin Feige, mkuu wa Marvel Studios, alieleza wakati ule kwamba kipindi alichotokea Kamala vitabuni hakikulingana na kipindi ambacho filamu zao zilikuwa zimefikia. Sawa, yeye ndiye mwenye duka. Mimi nashuku pia kwamba mkono unaorefuka kama mpira unachekesha kwenye katuni lakini kwa muigizaji wa kweli unatisha kidogo, tena una gharama.

Nisiwaonee. Bangili imewapa kitu ambacho ukungu usingewapa. Kwa njia ya bangili hadithi inafika Karachi, na inafika mwaka 1947, usiku wa treni, watu wanapandiana mabegani wakati Bara Hindi linagawanywa. Mtoto mdogo anampotea baba yake katika zogo lile, na mtoto huyo ndiye bibi yake Kamala. Mama yangu, aliyeondoka Unguja akiwa mwari baada ya Januari 1964, aliitazama sehemu ile ya tano bila kusema neno, na ilipomalizika akaenda kusali sunna. Sidhani kama tamthilia nyengine yoyote ya mashujaa imewahi kumsimamisha bibi wa Kizanzibari namna ile.

Na kuna pahala pengine televisheni ilikishinda kitabu. Sehemu ya kwanza, Kamala anataka kwenda kwenye tamasha la mashabiki. Wazazi wanakubali, ila kwa sharti: baba atakwenda naye. Mama ameshona kanzu na suruali za Kipakistani za rangi ya Hulk, na baba mzima anatokea amejipaka kijani uso wote, furaha imemjaa. Kamala anawatazama, anaona aibu, na anaisema. Uso wa yule baba unavyonywea chini ya ile rangi, wallahi mimi niliangalia pembeni. Wangeendelea na mstari ule, ningenyamaza leo.

Lakini hawakuendelea. Aibu ile ikatatuliwa na bangili. Kamala akajua kwamba ukoo wake una siri kubwa, mama wa bibi yake alikuwa kiumbe kutoka ulimwengu mwengine, na mwishoni anaambiwa kuna kitu tofauti ndani ya damu yake. Nani atamuonea haya bibi wa namna hiyo? Hata vazi la ushujaa, ambalo kitabuni alilitengeneza mwenyewe, kwenye televisheni analetewa na mama yake, limeshonwa, limekunjwa, tayari. Ni jambo zuri kulitazama na mimi nilifurahi kama mzazi yeyote. Lakini ni ahadi ya uongo. Atakayenisahihisha kwamba kitabuni nako kuna habari ya damu atakuwa na haki: ule ukungu unaamsha kitu alichozaliwa nacho. Tena baadaye humo humo vitabuni bangili ya familia ipo. Ila ni bangili tu, haitoi mwanga wowote. Ni kitu cha watu waliokimbia makwao.

Kuna watakaoniambia: kwani lazima tungoje Wamarekani? Walishajaribu wenzetu, tena hapa hapa Ghuba. Mwaka 2006 Dk. Naif Al-Mutawa, mwanasaikolojia wa Kuwait, alianzisha The 99, mashujaa wanaopata nguvu kutokana na mawe yenye elimu iliyookolewa Baghdad ilipoanguka mwaka 1258. Mwaka 2010 wakakutanishwa kitabuni na Superman na wenziwe, mwaka 2011 wakawa katuni ya televisheni. Ugomvi ulikuwa mkubwa kwa sababu sifa za mashujaa zilitokana na majina ya Mwenyezi Mungu, na mwaka 2014 ikatoka fatwa Saudia ya kuikataza. Hayo nawaachia masheikh. Langu mimi ni jengine. Kila shujaa pale anawakilisha sifa njema na nchi yake: Jabbar wa Saudia mwenye nguvu, Noora wa Emirates mwenye nuru, na kadhalika, kama maonyesho ya mataifa. Sikumuona hata mmoja anayemuonea haya mama yake mlangoni mwa skuli. Mpwa wangu aliiangalia kidogo akarudi kwa Batman, na sikumlaumu.

Sasa rudini nyumbani kwangu. Kaka yangu nikimlalamikia kwamba watoto Kiswahili kinawatoka, hunijibu: "Waache bwana, damu itawarudisha." Nasikia neno hilo kila harusi, kila khitma, kuanzia hapa mpaka kwa ndugu zetu wa London. Damu itawarudisha. Wakikua wataelewa. Tutawapeleka Unguja likizo wiki mbili, wataona. Hiyo ndiyo bangili yetu. Tumeiweka kasha chini ya kitanda tunangoja siku itoe mwanga. Huku mtoto anakula biriani yetu, anavaa mkufu wa bibi yake, anajua kabisa ametoka ukoo gani, na bado akiulizwa yule nani anasema mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo mimi nataka yule Kamala wa kwanza, aliyegeuka nywele za dhahabu. Ningetaka tamthilia imuonyeshe binti yangu msichana anayetamani kuwa mtu mwengine, anakuwa, halafu inabidi arudi kwa miguu yake mwenyewe bila ya mizimu ya ukoo kumbeba. Watengenezaji waliogopa, nahisi, kwamba shujaa Mwislamu wa kwanza kupewa tamthilia yake na Marvel akionekana anaikimbia sura yake watu watakasirika. Labda wangekasirika. Na mimi ningekuwa mmoja wao, kabla ya ile siku ya skuli.

Nilimnunulia kitabu. Hakusema kitu, ila nimekikuta kimekunjwa pembe kwenye ukurasa wa nywele za dhahabu, na ukurasa ule sikuugusa.

Jengine nililofanya ni dogo. Mama alitaka kuiangalia tena Ms. Marvel tangu mwanzo, na Kiingereza hakijui, na maandishi ya Kiarabu yanampita mbio. Nikamwambia binti: mtafsirie bibi yako. Alinuna. Sehemu ya kwanza ilituchukua karibu saa mbili kwa kusimamisha simamisha. Neno "aibu" alikuwa hanalo. Bibi ndiye aliyempa, pale baba wa Kamala aliposimama na rangi yake ya kijani. Akalirudia mara mbili ili alitamke vizuri, kisha akabonyeza iendelee.

Zimebaki sehemu mbili. Wameshafika Karachi.