Puti Si Chuma

Desemba iliyopita, nyumbani kwetu Walukuba mjini Jinja, mdogo wangu alipiga magoti kando ya gari la Baba ili abadilishe tairi. Aliweka jeki pale ambapo kila mtu huiweka, chini ya kizingiti cha mlango wa mbele, akaanza kuzungusha. Gari halikuinuka. Jeki ndiyo iliyopanda, ikakitoboa kizingiti na kuzama ndani kama kidole kinavyozama katika papai lililoiva. Kisha gari likateleza na kushuka. Mdogo wangu alipoteza kucha mbili na kushonwa nyuzi saba mkononi. Lau angekuwa amelala chini ya gari, leo ningekuwa naandika tanzia.

Tulipochokonoa lile tundu kwa bisibisi, hakikuanguka chuma. Yalianguka mapande ya puti, magazeti yaliyokunjwakunjwa, na unga mwekundu wa kutu. Juu ya hayo yote palikuwa na rangi nyeupe inayong'aa. Baba alikuwa ameilipia rangi ile miezi minane kabla, katika gereji moja ambayo sitaitaja. Alipokabidhiwa ufunguo aliambiwa, "Mzee, gari limekuwa jipya."

Nasema bila kumung'unya maneno: kupaka puti na rangi juu ya kutu ni uongo unaoweza kuua. Na ninaongeza jambo ambalo wenzangu wengi hawatapenda kulisikia: fundi si mwongo peke yake. Sisi ndio tunaomlipa atudanganye.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla ya mwaka 1994, ile ambayo Uganda nzima huiita Kikumi, yaani mia moja, kwa sababu ya namba ya toleo lake. Baba hulikodisha kwa abiria. Karo yangu ya mwaka wa kwanza na wa pili imetoka katika viti vyake. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayecheza na magari ya zamani kwa ajili ya kujifurahisha. Ninaandika kama mtu ambaye daftari lake limenunuliwa na gari hilo.

Tuanze na kutu yenyewe, maana wengi tunaichukulia kama doa. Chuma kikikutana na maji na oksijeni, hugeuka polepole kuwa kitu kingine kabisa. Kitu hicho huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, na ndiyo maana rangi huanza kuvimba kama ngozi yenye lengelenge. Aluminiamu ikipata kutu yake, tabaka lile jembamba huikinga. Kutu ya chuma haikingi chochote: ina vitundu, inafyonza maji, nayo hukaribisha kutu nyingine. Chumvi huharakisha kazi hiyo. Magari yetu mengi yametoka Japani, na katika sehemu za baridi za nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Gari linaweza kushuka Mombasa likiwa safi machoni, kumbe tayari limebeba ugonjwa tumboni. Likifika kwetu kandokando ya ziwa, tope huziba vile vitundu vidogo vilivyo chini ya milango, ambavyo viliwekwa ili maji yatoke. Maji yanabaki ndani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tazama puti inafanya nini hapo. Puti haiondoi maji wala haizuii hewa. Ikikaa juu ya kutu hai, yenyewe hufyonza unyevu na kuushikilia palepale ambapo chuma kinaumwa. Miezi sita gari linapendeza. Mwezi wa saba lengelenge linarudi, na safari hii shimo ni kubwa mara mbili. Tena Kikumi si lori. Lori lina fremu yake, na bodi imeketi juu. Gari dogo la aina hii halina fremu ya pekee. Bodi ndiyo mifupa. Kizingiti kile ambacho mdogo wangu alikiwekea jeki ni sehemu ya uti wa mgongo wa gari. Ndicho kinachotarajiwa kusimama kati yako na boda boda au basi litakalokugonga ubavuni. Anayekijaza magazeti amejaza magazeti kwenye mfupa.

Basi kwa nini mafundi wanafanya hivyo? Nimekwenda kuwauliza, pale Jinja na vilevile Kampala, kandokando ya soko la Kisekka ambako nusu ya vipuri vya nchi hii hufikiri vimezaliwa. Jibu nililopewa lilikuwa moja. Mteja anakuja na kusema, "Fanya ing'ae tu." Fundi akimwambia kwamba bati limeoza na lazima likatwe, mteja anahisi anaibiwa, anaondoka, anakwenda kwa jirani mwenye puti. Fundi mkweli analala njaa. Fundi mwongo anaongeza kibanda cha pili. Hatuwezi kuilaani gereji usiku na kuilisha mchana.

Baba mwenyewe, ambaye namheshimu kuliko mtu yeyote, alijaribiwa. Jioni ya ajali ile alisema, "Mwanangu, mimi nimefunikiwa. Nami nitafunika, nitauza, tutatafuta jingine." Mnunuzi alikuwa tayari amepatikana, mtu wa Iganga. Nilinyamaza mpaka alipomaliza kula, kisha nikamwambia, "Baba, samahani. Huyo wa Iganga naye ana mtoto wa kumbadilishia tairi." Hakunijibu. Aliingia ndani akalala. Asubuhi nilimkuta uani amevaa ovaroli yake ya zamani, anang'oa viti vya gari.

Tulifanya kazi wiki tano, uani, chini ya mwembe. Nitaeleza kwa ufupi, maana wapo wanaosema kwamba kazi hii haiwezekani nyumbani. Kwanza tulitoa viti na zulia, tukapita gari zima na bisibisi na nyundo ndogo, tukigonga na kusikiliza. Chuma kizima hulia. Kilichooza hujibu kwa sauti butu. Kila palipokuwa na shaka tulitia alama ya chaki. Palipokuwa na kutu ya juujuu tu tulisugua kwa brashi ya waya na msasa mkwaruzo, tukashuka hadi msasa laini, mpaka chuma cheupe kikaonekana. Kwenye vishimo ambavyo msasa haufiki tulipaka dawa ya kutu yenye tindikali ya fosforiki, tukiwa na glavu na miwani. Vipuri vidogo tulivilowesha kwenye ndoo ya maji na magadi ya kufulia, tukaunganisha betri: upande wa hasi kwenye kipuri chenye kutu, upande wa chanya kwenye kipande cha chuma kikuukuu. Kutu iliachia yenyewe. Kazi hii hufanyiwa nje peupe, kwa sababu hewa inayotoka inawaka, na kile chuma kikuukuu kisiwe cha pua kisichoshika kutu, maana hutoa sumu majini.

Palipotoboka hapakuwa na dawa ila kukata. Tulikata mpaka tukafikia chuma kizima, hata pale ambapo moyo uliuma kuona tundu linakua. Tukapima kwa karatasi ya boksi, tukakata bati la unene unaokaribiana na lile la asili, geji 20. Kuchomelea hatukuthubutu wenyewe. Tulimwita fundi wa mtaani mwenye mashine ya waya, naye akachomelea kwa nukta moja hapa, nyingine kule, ili joto lisilipinde bati. Kabla yake tulitoa betri na tangi la mafuta, na Baba akasimama kando na ndoo ya mchanga. Baadaye tukapaka praima yenye zinki, tukaziba viungo, na ndipo, juu ya chuma kizima, tukapaka puti. Ndiyo, puti. Sina ugomvi na puti inayosawazisha milimita mbili juu ya bati lililo hai. Ugomvi wangu ni na puti inayojifanya bati. Mwisho tulizibua vitundu vya maji na kuingiza mafuta mazito ya nta ndani ya vizingiti kwa mpira mwembamba.

Kulikuwa na gharama, na sitaificha. Wiki tano gari halikuleta shilingi. Nilirudi chuoni karo haijatimia, nikakosa jaribio moja na kulazimika kuomba nilifanye baadaye. Rangi yetu haikulingana vizuri. Ukisimama juani utaona mlango mmoja una weupe wa maziwa na mwingine weupe wa chaki. Baba hucheka akiuona. Lakini jeki ikiwekwa, gari linainuka.

Najua nitapingwa. Wa kwanza watasema: magari haya ni makuukuu, yafutwe kabisa. Watanikumbusha kwamba tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza magari madogo yaliyotimiza miaka 15, na kwamba Kenya huweka kikomo cha miaka 8. Sawa. Lakini sheria hiyo imesimama mpakani, na Kikumi ya Baba ilishapita mpaka zamani. Gari changa zaidi ni ghali zaidi, kwa hiyo yaliyomo ndani yatazidi kukaa barabarani, si kupungua kesho. Anayesema "yafutwe" bila kusema mwenye gari atakula nini, amependekeza puti yake mwenyewe: amefunika shimo kwa neno.

Wa pili watasema kwamba kazi ya nyumbani ni hatari. Hapa nakubali nusu. Kuchomelea mfupa wa gari si kazi ya kujifunzia likizoni, na anayejilaza chini ya gari lililoegemea jeki peke yake anatafuta kifo. Rangi za kuchanganywa na kigandishi nazo zina mvuke unaodhuru mapafu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Lakini kuchunguza, kusugua, kuzibua, kukata boksi la kipimo na kusimama kando ya fundi ukitazama anachokiweka, hayo yako ndani ya uwezo wa kila familia. Hatari kubwa zaidi tuliyoipata ilitoka gereji, ikiwa imepakwa rangi.

Wa tatu ni nyinyi, wenzangu wa chuo, na kwa heshima zote, baadhi ya walimu wetu. Niliporudi na mikono yenye makovu na kucha nyeusi, rafiki mmoja aliniuliza kama nimeacha masomo. Tunaisifu teknolojia katika hotuba. Tunajivunia, tena kwa haki, gari la umeme la Kiira EV lililozinduliwa na wanafunzi na wahadhiri wa Makerere mwaka 2011. Lakini mtu anayelihifadhi gari lililopo tunamwona kama aliyeshindwa maisha. Hata katika somo letu la Kiswahili tunasoma juu ya istilahi kwa mihula, ilhali wengi wetu hatujui kwamba msasa ni jina la mti kabla ya kuwa jina la karatasi, ambao majani yake makavu yalitumika kulainishia mbao. Aliyenikumbusha jambo hilo alikuwa seremala, si kitabu. Lugha tunayoitafuta maktabani inafanya kazi uani kwa watu, na mikono yake ni michafu.

Ninachodai ni vitu vitatu tu. Mwenye gari aombe kuona chuma kitupu kabla ya puti kupakwa, na aione picha au afike mwenyewe. Akiambiwa ukweli wa gharama, asimkimbie fundi aliyeusema. Na anayeuza gari aseme palipooza, hata kama bei itashuka. Mficha maradhi, kifo kitamuumbua. Tofauti ni kwamba hapa anayeficha ni mmoja na anayeumbuliwa ni mwingine.

Siku hizi natembea na sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika mbovu, nimeifunga kitambaa isikwaruze rangi. Nikiombwa kumsindikiza mtu anayenunua gari, naipitisha chini ya milango na juu ya matairi. Penye chuma inashika. Penye puti nyingi inaanguka mkononi, na muuzaji anaanza kutazama pembeni. Mwezi uliopita iliniangukia mara nne kwenye gari moja jekundu lililong'aa kama tufaha. Mnunuzi, mwanafunzi mwenzangu, alinitazama, akamtazama muuzaji, kisha akasema, "Lakini rangi yake ni nzuri." Akalinunua.

Insha hii nimemwandikia yeye.