Anayekata njia za meli asiachwe peke yake

Kivuko cha Dover hadi Calais hutumia takriban saa moja na nusu. Mlango bahari huo una kilomita 33 tu pale unapobana zaidi, lakini meli zaidi ya 400 huupita kila siku, na vivuko huzikatiza usiku na mchana. Ofisa wa zamu akiingia humo hana nafasi ya kupumzisha macho.

Meli zinazoelekea kusini-magharibi hupita upande wa Uingereza, zinazoelekea kaskazini-mashariki hupita upande wa Ufaransa. Kwa hiyo kivuko kinachotoka Dover hukutana kwanza na meli zinazotokea kushoto kwake, na kwa sheria za kimataifa hizo ndizo zinazopaswa kukipisha. Kikiingia njia ya pili, mambo hugeuka: meli zinatokea kulia, na sasa wajibu wa kupisha ni wa kivuko. Muda wote huo omo yake ielekee kukata njia moja kwa moja, hata mkondo ukikisukuma kando, ili wengine waone wazi kwamba kinavuka.

Ofisa huipima meli moja kwa dira, kisha baada ya dakika chache huipima tena. Pembe ikibaki ileile huku umbali ukipungua, meli hizo zitagongana, hata kama kwa macho bado zinaonekana mbali. Meli ya makontena yenye mwendo wa noti 20 humaliza maili moja ya baharini kwa dakika 3. Nyuma yake ipo nyingine, na anayeikwepa hii aweza kujipeleka kwa ile.

Januari 1971, meli Texaco Caribbean iligongana na Paracas hapo hapo, ikazama. Siku iliyofuata Brandenburg ikagonga mabaki yake, na mwezi wa pili Niki nayo. Watu 51 walikufa. Njia zilikuwa zimeshachorwa tangu 1967, ila kuzifuata kulikuwa hiari. Kimataifa zikawa lazima mwaka 1977.

Lakini sheria na rada hazijitoshelezi. Juni 17, 2017, yapata saa 7 na nusu usiku, manowari ya Marekani USS Fitzgerald iligongana na meli ya makontena ACX Crystal karibu na pwani ya Japani. Mabaharia 7 walikufa. Manowari ilikuwa na rada na watu wengi, na ndiyo iliyopaswa kupisha, kwa kuwa Crystal ilitokea kulia kwake. Ripoti ya jeshi la majini la Marekani ilieleza kwamba walinzi wa kutazama bahari waliwekwa upande wa kushoto tu, na nahodha hakuitwa.

Chombo chenye wafanyakazi wengi kilikosa mtu wa kutazama kulia. Vipi basi meli ya mizigo yenye ofisa mmoja aliyechoka? Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka saa 10 za mapumziko kwa siku, maana yake mtu aweza kufanya kazi saa 14 kwa siku, zikiwamo za kuongoza meli katikati ya msongamano. Kiwango hicho ni kidogo mno. Kabla ya kuingia njia kama hizi, ofisa wa pili awepo chumba cha usukani, na nahodha aitwe mapema, kabla hofu haijaingia.

Wasomaji wa pwani wana sababu ya kulidai hili. Pantoni ya Kigamboni na feri ya Likoni hukatiza mkondo wa meli kubwa ziingiazo Dar es Salaam na Mombasa, meli ambazo hazina pa kukwepea kwa sababu nje ya mkondo maji ni haba. Wanaosimamia vivuko hivyo watangaze ratiba za zamu za manahodha wao, na waseme nani anayesaidia kutazama saa 11 jioni, abiria wanapokuwa wamesongamana.