Pima Sarafu za Shosho Kabla Hujaziuza

Huku kwetu Satellite, mkebe wa shosho hufunguliwa wakati pesa imekatika. Ndani mna sarafu nyeusi zenye simba upande mmoja na jina la mfalme wa Uingereza upande wa pili. Mjukuu anazipeleka kwa mnunuzi wa vyuma, anaambiwa hizo ni skrapu tu, anapewa soo mbili za mkebe mzima na stori inaishia hapo. Mwingine ameona video kwenye simu ikisema shilingi moja ya mkoloni inauzwa milioni. Sasa anaambiwa atume "ada ya usajili" kwa M-Pesa ndio mnunuzi aje.

Wote wawili wanaliwa, na kwa sababu moja: hakuna aliyepiga hesabu. Msimamo wangu ni huu: usiuze sarafu ya zamani kabla hujajua mwenyewe ina fedha kiasi gani. Fedha hapa ni ile madini, silva ya pete na mikufu. Mimi chuo niliacha katikati na hesabu hii naiweza, kwa hivyo hata wewe huna kisingizio.

Unahitaji namba tatu tu: uzito wa sarafu, sehemu yake ambayo ni fedha, na bei ya fedha siku hiyo.

Chukua shilingi ya Afrika Mashariki iliyopigwa kati ya 1921 na 1946. Ina uzito wa gramu 7.78, na robo tu ndiyo fedha. Robo hiyo ni gramu 1.945. Soko la dunia huuza fedha kwa wakia, yaani aunsi, ya gramu 31.1. Ukigawanya, shilingi 16 ndizo zinatoa wakia moja. Shika hiyo 16.

Tuseme, kwa mfano tu, wakia ni dola 40 na dola ni shilingi 130. Hiyo ni 5,200. Gawanya kwa 16, unapata 325 kwa kila sarafu. Bei hupanda na kushuka kila siku, kwa hivyo angalia ya leo kwenye simu, halafu rudia hesabu. Si milioni, lakini mkebe wenye sarafu 20 hauwezi kuwa wa soo mbili.

Sasa angalia mwaka vizuri. Shilingi za 1948 hadi 1952 zina simba na uzito uleule, lakini hazina fedha hata kidogo. Ni shaba na nikeli. Shilingi za Kenyatta zilizoanza 1966 pia ni hivyo. Zile za senti zenye tundu katikati, hakuna kitu. Na usidanganywe na sumaku: fedha haivutwi, lakini shaba na nikeli ya Kenyatta pia haivutwi. Mzani nao hautakusaidia hapo. Mwaka ndio utakuambia.

Ukikuta rupia, tulia kabisa. Kabla ya shilingi, watu hapa walitumia rupia ya India, pesa ya enzi za kujenga reli. Rupia iliyopigwa kabla ya 1940 ina gramu 11.66, na asilimia 91.7 ni fedha. Hiyo ni karibu gramu 10.7 za fedha. Kwa bei ya mfano wetu, moja inakaribia 1,790.

Hapo ndipo hesabu hii inauma. 1920 serikali ya mkoloni ilibadilisha rupia kwa florini, moja kwa moja. Mwaka uliofuata ikaleta shilingi, mbili kwa florini moja. Shilingi mbili zina gramu 3.89 za fedha. Aliyeleta rupia yenye gramu 10.7 aliishia na kidogo kuliko nusu ya fedha aliyokuwa nayo mkononi, na kwenye karatasi ikaonekana ni sawa kwa sawa. Karne moja baadaye, wajukuu wao wanaambiwa "ni skrapu tu" na wanaitikia.

Tusidanganyane pia: sonara au mnunuzi hatakupa bei yote. Kuyeyusha sarafu yenye robo tu ya fedha na kuitenganisha na shaba ni gharama, na yeye lazima apate kitu. Lakini ukijua 325, unaanza kubishana kutoka 325. Usipojua, unaanza pale anapotaka yeye.

Kuna zingine hazifai kuuzwa kwa uzito kabisa. Florini za Afrika Mashariki za 1920 zilikuwa nusu fedha na zilipita haraka, kwa hivyo wakusanyaji huzitafuta. Waonyeshe hao kwanza. Na tafadhali, usizisugue kwa msasa au ndimu ili zing'ae. Mkusanyaji akiona mikwaruzo, bei inaanguka.

Anayekuomba pesa kwanza ili akununulie sarafu, mblock. Mnunuzi hutoa pesa, haombi.

Leo jioni mwombe shosho huo mkebe. Panga sarafu kwa miaka, hesabu shilingi za 1921 hadi 1946, gawanya kwa 16, zidisha kwa bei ya wakia. Andika jibu kwenye karatasi na umpe yeye, kwa sababu ni zake. Akiamua kuuza, twende tukiwa na hiyo karatasi. Akiamua kuziweka, angalau sasa anajua ameweka nini.