Ekzosi si Tarumbeta



Miongoni mwenu wamo wenye kuyatunza magari ya kale, nao wanajua jinsi ekzosi inavyowahi kuchakaa kuliko viungo vingine vingi. Siku ya kuibadilisha ikiwadia, swali la kwanza linalosikika gereji ni moja: "Italiaje?" Nathubutu kusema kwamba swali hilo limetangulizwa isivyopaswa. Ekzosi haikuundwa kwa ajili ya sikio la mwenye gari. Iliundwa ili iondoe sumu mbali na waliomo ndani, na ili walio nje wasiteswe.

Chukueni mfano wa Datsun 240Z, gari lililoshinda mashindano ya East African Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Chini ya boneti yake ndefu mna injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita 2,393, na sauti yake ni tamu, sibishi. Lakini gari hili zuri lina tabia moja ya hatari inayofahamika kwa wenye nalo: huvuta moshi wake lenyewe. Likienda kasi, shinikizo la hewa hushuka nyuma ya mkia wake, moshi ukabaki ukizunguka hapo, kisha ukapenya kwenye raba zilizochakaa za mlango wa nyuma na za taa. Dereva akifungua dirisha ili apate hewa, mara nyingi huzidisha uvutaji huo.

Na ndani ya moshi huo imo kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huanza kuumwa kichwa, kisha husinzia, naye hudhani ni uchovu wa safari.

Ekzosi yenyewe huoza kutoka ndani. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ndefu huyakausha. Safari fupi za kwenda sokoni na kurudi huyaacha yatuame ndani ya sailensa na kukila chuma kimyakimya. Ndiyo maana gari linaloenziwa mno na kuendeshwa kidogo huoza ekzosi mapema. (Wenye magari ya maonyesho mnanisikia?) Chuma kisichoshika kutu ni ghali, walakini kwa gari la namna hiyo ningelikichagua bila kusita, hata wakinung'unika wale wasiotaka kigeuzwe chochote cha kiwandani.

Katika kuifunga, fundi mwema hujulikana kwa subira. Boliti zilizoshikwa na kutu kwa miaka 50 hulowekwa usiku kucha kwa mafuta mepesi ya kulegeza, kwani ikikatika moja ndani ya silinda hedi, kazi ya nusu siku hugeuka ya juma zima. Gari huwekwa juu ya stendi imara. Atakayelala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake anauchezea uhai wake, na mwenye gari anayemwona akanyamaza ana sehemu yake katika kosa hilo. Gasketi zote ziwe mpya. Mabomba huunganishwa kutoka mbele kwenda nyuma, nati zikiwa bado zimelegea, hadi yote yaning'inie kwenye raba zake bila kugusa bodi wala kulazimishwa, ndipo zikazwe. Kisha injini huwashwa, mdomo wa bomba ukazibwa kwa tambara zito kwa muda mfupi, na kila kiungo kikasikilizwa kama kinafoka. Hapo ndipo sikio lina kazi yake halali. Baada ya safari ya kwanza, nati zikazwe tena.

Wapo watakao bomba pana la inchi 2 na nusu na sailensa tupu, wakiamini nguvu itaongezeka. Kwa injini iliyobaki kama ilivyotoka kiwandani faida ni ndogo, na kabureta zake mbili huenda zikadai kurekebishwa upya. Kinachoongezeka kwa hakika ni kelele, na anayeigharamia si aliyeinunua: ni mgonjwa wa nyumba ya pili, ni mtoto mchanga, ni mlinzi wa zamu ya usiku anayeutafuta usingizi mchana. Siikubali hoja kwamba gari la kale bila ngurumo halina roho. 240Z zilitoka kiwandani zikiwa na sailensa, na watu walizipenda hivyohivyo.

Fedha ambayo ingenunua ngurumo ielekezwe kwenye raba mpya za mlango wa nyuma na za taa, na kwenye kile kidude kidogo cha betri kinacholia kaboni monoksidi inapozidi. Kiwekwe ndani kabla hamjampakia mtu mwingine.