Kaplingi Haikitii Kiswahili Unyonge

Wapenzi wa Kiswahili tumezoea kugombania vina na mizani, na ni haki yetu. Lakini ipo karakana ambamo neno likikosewa huvunja mtambo, na pengine mkono wa fundi. Naomba leo tuingie humo kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo: kaplingi.

Kaplingi huunga shafti ya mota na shafti ya pampu, feni au kinu, ili mzunguko wa moja uhamie kwa nyingine. Wapo wenye wivu wa lugha ambao wangependa iitwe "kiunganishi". Sioni hekima hapo. Kiunganishi ni neno la sarufi: "na", "lakini", "ingawa". "Kiungo" nacho kimeelemewa: goti ni kiungo, iliki na mdalasini ni viungo. "Mhimili" tumekwisha kuupa dola. Tulipokea gia, breki na bolti bila lugha kupungukiwa. Kaplingi na shafti nazo hazitaitia unyonge.

Upungufu wetu mkubwa uko katika vitenzi. Chukua agizo "lainisha kaplingi". Kaplingi ya meno ya chuma hutaka grisi, tena grisi yake maalumu, kwa kuwa kani ya mzunguko hutenga mafuta na sabuni katika grisi ya kawaida. Kaplingi ya taya yenye mpira katikati haitaki grisi kabisa, na mpira wa asili ukinywa mafuta huvimba na kulegea. Agizo moja hutengeneza kaplingi hii na kuiharibu ile. "Tia grisi kwenye meno" na "pangusa, usitie mafuta" hayana utata.

Au chukua "angalia mpangilio". Mpangilio wa nini? Shafti mbili hukosana kwa namna mbili. Huweza kuwa sambamba lakini zimepishana, moja juu na nyingine chini. Au huweza kukutana kwa pembe, moja ikiwa imeinama. Kupishana, kuinama, kulingana: maneno yote tunayo. Fundi asiyeelezwa kwa maneno hayo huenda akaamini kwamba, kwa kuwa kaplingi hunyumbuka, itavumilia kila kosa. Huvumilia kwa kitambo tu. Mzigo huangukia beringi na sili, mtambo hutetema, na vumbi jeusi la mpira hujikusanya chini ya kifuniko. Vumbi hilo ni la kusomwa mapema, kabla mtambo haujasimama.

Zito kuliko yote ni onyo. "Zingatia usalama kabla ya matengenezo" ni sentensi sanifu isiyomwambia mtu lolote. "Zima umeme, funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae nawe, ngoja shafti isimame, ndipo ufungue kifuniko": hiyo huokoa vidole.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni ya wahandisi, washairi hayatuhusu. Napinga. Mshairi amefunzwa kulipima neno na kulikataa lililo karibu hadi alipate lililo sawa. Ajuaye kutenga ukwapi na utao hatashindwa kutenga kupishana na kuinama. BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, ina kazi ya kusanifisha istilahi, lakini haiwezi kuketi katika kila karakana. Sisi tumetawanyika kila mji, na karakana haziko mbali nasi.

Basi kila mmoja wetu amwendee fundi mmoja wa mitambo. Amsikilize anavyoitaja kazi yake, ayaandike maneno yake kama yalivyo, na kumsomea tena ahakikishe. Kisha tuyalete hapa tuyajadili kwa ukali uleule tunaoutumia kwa kina kilichokosewa. Lugha inayojua kumsifu mpenzi na isiyojua kumwonya mfanyakazi bado ina deni, na deni hilo ni letu kulilipa.