Mali ya umma: tuulize kabla haijauzwa

Neno ubinafsishaji si geni kwa wasomaji wetu waliorudi kutoka Tanzania. Wengi wetu tulilisikia kwa mara ya kwanza madarasani ng'ambo ya mpaka, katika miaka ya 1990, wakati tume ya PSRC ilipokuwa ikiuza mashirika ya umma yaliyotokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mwalimu aliyekuwa ametufundisha kwamba viwanda ni mali ya wananchi alilazimika kubadili somo. Sisi wanafunzi tulicheka. Leo tunafundisha hapa Rumonge, na swali lile limetufuata nyumbani: shirika la umma likichoka, nani alichukue, na kwa masharti gani?

Si haki kusema kwamba kila uuzaji ni wizi. Mashirika mengi yalikuwa yamegeuka mzigo kwa hazina. Kampuni ya Bia ya Tanzania ilipopata mbia kutoka Afrika Kusini mwaka 1993, ilifufuka na kuwa miongoni mwa walipa kodi wakubwa wa nchi ile. Mwenye macho hawezi kulikataa hilo.

Lakini wafanyabiashara wetu wanaopitisha mizigo Kigoma wanakumbuka pia habari ya reli. Mwaka 2007 Shirika la Reli la Tanzania lilikodishwa kwa miaka 25 kwa kampuni ya RITES ya India. RITES ilichukua asilimia 51 ya hisa, serikali ikabaki na 49. Mabehewa na vichwa vya treni vikawa haba, wafanyakazi wakagoma kwa ajili ya mishahara, na mafuriko ya Kilosa yakakata njia. Mwaka 2011, baada ya miaka minne tu, serikali ilikuwa imerudishiwa reli yake. Treni ya Kigoma inapokwama, mzigo hupanda lori, nauli hupanda nayo, na bei ya bidhaa sokoni kwetu hupanda pia. Mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam humfikia hata mama muuza sabuni wa Rumonge, ambaye hakuulizwa neno.

Kwetu Burundi somo lilikuwa kahawa. Mwaka 2009 serikali iliweka sokoni mitambo 117 ya kuoshea kahawa. Iliyouzwa awamu ile ni 13 tu, na yote ilikwenda kwa kampuni moja ya kigeni, Webcor. Wakulima kupitia vyama vyao walidai kwamba mitambo ile ilikuwa ni jasho lao, na kwamba walistahili hisa. Lakini mwenye kahawa hakuwa na fedha za kununua mtambo, na mwenye fedha hakuwa na mche hata mmoja. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, serikali ikaunda ODECA na mkono wa dola ukarudi katika kahawa. Tumekwenda na kurudi, na mkulima bado anauliza atalipwa lini.

Haya hayakutupata sisi peke yetu. Urusi mwaka 1992 iligawia raia wake hati za kununulia hisa za viwanda. Wengi walikuwa na njaa, wakaziuza kwa bei ya kutupa, na baada ya miaka michache mali kubwa za nchi zikawa mikononi mwa watu wachache. Haki ya kununua haimsaidii mtu asiye na chakula cha kesho.

Sasa tutazame michikichi yetu. Dola ndiyo iliyosambaza miche bora katika tambarare ya Rumonge na kuunda ofisi ya mawese, OHP. Lakini sehemu kubwa ya mawese yanayojaza madumu yanayokwenda Bujumbura hukamuliwa kwa mashine ndogo za watu binafsi, karibu na mashamba. Mashine zile zinavuja na kupoteza mafuta. Hata hivyo mkulima ana mahali pengi pa kupeleka chikichi zake. Mnunuzi mmoja akimpunja, anakwenda kwa jirani. Huo nao ni ubinafsishaji, na umewalisha wengi. Hatari ni pale mnunuzi mmoja mkubwa, awe wa serikali au tajiri, anapopewa eneo zima peke yake.

Kuna na jambo zito zaidi, nalo ni ardhi. Waliokimbia mwaka 1972 walirudi wakakuta mashamba yao yana watu wengine, na mengine yamepandwa michikichi ya miradi ya serikali. Tume ya ardhi, CNTB, ilisikiliza kesi hizo kuanzia mwaka 2006 hadi 2022, na si zote zilizokwisha. Kwa hiyo anayenunua shamba la umma hapa kwetu anaweza kuwa ananunua kesi ya jirani. Ukiuza leo, mwenye madai atamdai nani kesho?

Hatusemi dola ing'ang'anie kila kitu. Tunasema kabla shirika lolote la umma halijauzwa wala kukodishwa, mambo manne yafanyike. Mkataba usomwe hadharani kwa Kirundi na Kiswahili. Wakulima watengewe hisa, na wapewe muda na mikopo ya kuzilipia. Madai ya ardhi yamalizwe kwanza. Na iandikwe wazi mwekezaji akishindwa ataondokaje, na mishahara ya wafanyakazi italipwa na nani.

Nchi zetu mbili zimekubaliana kujenga reli ya Uvinza hadi Musongati. Siku moja itaulizwa nani aiendeshe. Tuliokaa Kigoma tukingoja behewa tunayo ya kusema siku hiyo. Tuulizwe mapema, wino haujakauka.