Tumehesabiwa, Sasa Tuonyeshwe Hesabu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu kuhusu sensa ya watu. Mimi ni mkazi wa Temeke tangu utoto. Nimehesabiwa katika sensa za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya 1967 sikuhesabiwa, ingawa nilikuwapo nyumbani.

Sensa hiyo ya 1967 ilikuwa ya kwanza tangu tupate Uhuru na Muungano. Mkoloni alikuwa akituhesabu kwa mafungu. Mwaka 1957 huku Tanganyika, Waafrika walihesabiwa mbali na wasio Waafrika, na Zanzibar ilihesabiwa peke yake mwaka 1958. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Agosti, 1967, Bara na Visiwani tulihesabiwa pamoja kwa mara ya kwanza, tukapatikana watu 12,313,469. Mwaka ule watu waliulizwa hata kabila. Kuanzia 1978 swali hilo likaachwa, nasi tukawa tunahesabiwa kama Watanzania tu.

Karani alipofika kwetu mwaka 1967, marehemu baba alitaja watoto wanne, nasi tulikuwa sita. Mimi na mdogo wangu tulifungiwa chumba cha nyuma. Baba aliogopa kodi ya kichwa, na bibi alishikilia kwamba watoto hawahesabiwi, ni mkosi. Simlaumu baba. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakihesabiwa ili watozwe, hakuwahi kuona wakihesabiwa ili wajengewe shule.

Mwaka 2022 karani alikuja na kishikwambi. Safari hii tulitaja wote, wajukuu na wapangaji, hata kichanga cha wiki mbili. Matokeo yalitangazwa: Tanzania watu milioni 61.7, na Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728. Mwaka 1967 eneo hili la mkoa lilikuwa na watu 356,286. Leo Wilaya ya Temeke peke yake ina zaidi ya 1,300,000.

Sasa dukuduku langu ni hili. Hesabu za taifa na za mkoa tunazisikia redioni, lakini hesabu ya mtaa wetu hatuioni. Nilikwenda ofisi ya mtaa kuuliza sisi ni wangapi, na watoto wa umri wa shule ni wangapi. Nilijibiwa kwamba karatasi hiyo haipo, niulize juu. Kwenye mkutano wa wananchi tulipojadili wajukuu zetu wanaosoma kwa zamu kwa uhaba wa madarasa, mmoja alisema watoto ni elfu moja, mwingine akasema elfu tatu. Tukabishana mpaka jioni, tukatawanyika bila kuafikiana tuombe madarasa mangapi.

Maoni yangu ni kwamba kila ofisi ya serikali ya mtaa ibandike ubaoni karatasi moja: idadi ya watu, wake kwa waume, watoto wa umri wa shule, wazee na kaya. Kando yake iandikwe idadi ya madarasa na visima au magati ya maji tuliyo nayo. Majina ya watu hayahitajiki, na sheria inalinda siri za kila mtu. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Mwananchi akiona idadi hiyo ndiyo iliyomletea darasa, karani wa sensa ijayo hatahitaji kubembeleza mlangoni. Asipoiona, kuna wazee watakaofungia watoto chumba cha nyuma tena. Shime viongozi wetu, hesabu mlizichukua kwetu, turudishieni tuzifanyie kazi.

Mkazi wa Temeke,
Dar es Salaam.